Damu ya Delphine Haijafikia Kiwango

Katuba, Lubumbashi, tarehe 9 Aprili 2025

Kwa Bwana Dokta Osée, Mkuu wa Mradi wa Kunasa Kansa katika Damu

Bwana Dokta,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na watu wako wenye makoti meupe. Mimi ni Symphorien Mumba, mume wa Delphine, yule mama wa kwaya ambaye mwezi jana mlimtoa damu mkamwambia ana alama ya kansa. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mchukua sampuli mgodini: nachota mawe kidogo kutoka lundo zima ili laboratwari iseme lundo lina shaba kiasi gani. Sampuli naijua. Karatasi yenu ya majibu nimeisoma mara nne, na mara ya tano nikacheka peke yangu jikoni. Naandika kwa Kiswahili bora ili usije ukasema hukuelewa: kazi yenu ni aibu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlichota mahali pamoja. Mkono wa kushoto! Kwetu hata mgeni wa wiki ya kwanza anajua kwamba lundo linachanganywa kwa beleshi, linakatwa mafungu manne, mawili yanatupwa, kisha unachanganya tena. Delphine ana kilo themanini na mbili. Ninyi mmechukua vijiko viwili kwenye mkono mmoja, mkatangaza habari za mama mzima. Na mkono wa kulia je? Na miguu?

2. Hamkutoa maji. Mawe mabichi hayapimwi. Yanakaushwa, uzito wa maji unaondolewa. Damu ni maji, kila muntu anajua. Nilimuuliza muuguzi wenu Graciella mmetoa unyevu asilimia ngapi. Akanionyesha benchi la kukaa.

3. Unga wa chuma. Mnasema mlitia ndani ya ile damu punje za chuma ndogo hata jicho halizioni, kila punje imepakwa kitu cha kushika vipande vya kansa. Kisha mnaweka sumaku pembeni ya chupa, na punje zinaikimbilia pamoja na zilichokishika. Ayi! Sumaku tulikuwa nayo sisi, kubwa kama mlango, juu ya mkanda wa mawe. Ilinasa misumari, ilinasa minyororo, siku moja ilinasa sufuria ya chakula ya fundi. Vyote hivyo tuliviona. Muntu akija kuniambia ana chuma kisichoonekana, kimenasa ugonjwa usioonekana, kwa mama asiyeumwa popote, mimi nafunga mlango wangu.

4. Kiwango. Hapa ndipo mnapochekesha kabisa. Ninyi wenyewe mmeandika kwamba alama ni kidogo sana. Mkampiga picha ya tumbo, mkaona kitu kwenye kifuko cha mayai ya uzazi, ukubwa wa punje ya haragi. Haragi moja! Mgodini kuna kiwango cha chini. Lundo lisipokifikia linaitwa taka, linamwagwa nyuma ya kilima, na hakuna anayesumbuliwa. Nani aliyewahi kufungua mgodi kwa ajili ya haragi? Ninyi mnataka kumfungua mke wangu tumbo. Nadai kansa ya Delphine iandikwe rasmi kuwa ni taka, na mhuri upigwe. Siku ikifikia kiwango tutaonana.

5. Karatasi ya upasuaji. Mliileta nyumbani niisaini kama mume, tena haraka, eti kwa sababu tangu vita vya Mashariki na kuanguka kwa Goma wafadhili wenu wamekimbia, mradi unafungwa mwisho wa mwezi, na daktari wa upasuaji anaondoka nao. Haraka! Wanunuzi wajanja wa mawe nao walikuwa na haraka hivyo hivyo. Mgodi wetu umefungwa, malori ya jirani yangu Kasereka hayawezi tena kufika kwao Butembo, na ninyi sasa mnafunga masanduku. Fungeni basi, mwende na unga wenu. Karatasi nimeiweka chini ya redio na itakaa hapo. Delphine aliitazama, akaniambia tu kwamba, Symphorien, hii damu haiko ya kampuni. Tangu siku hiyo haimbi akipika, na hilo pia naliandika kwenye hesabu ya makosa yenu.

6. Mwamuzi. Kwetu sampuli inagawanywa mafungu matatu: la muuzaji, la mnunuzi, na la tatu linapigwa lakiri. Watu wakibishana, hilo la tatu linapelekwa kwa mwamuzi ambaye hajui ni la nani. Mwamuzi akisema, wote wanasaini na kwenda nyumbani. Ninyi hamkuwa na fungu la tatu! Ilibidi nikae kwenye benchi lenu tangu asubuhi mpaka Graciella alipochoka nami, akamtoa Delphine damu nyingine, akanipa chupa ndani ya kisanduku cha barafu. Nikaandika juu yake namba tu, 31, miaka yangu ya kazi. Lori la Kasereka likakipitisha mpaka wa Sakania hadi laboratwari ya ng'ambo. Majibu yakirudi, mtaaibika mbele ya Lubumbashi nzima.

Kwa hiyo nadai majibu yenu yafutwe, mke wangu aombwe radhi mbele ya kwaya, na mradi ufungwe kesho bila kungoja mwisho wa mwezi.

Nisalimie Graciella, nisalimie mlinzi wa mlangoni aliyenipa maji ya kunywa, na wote wa nyumbani kwako.

Wako katika kazi,

Symphorien Mumba
Mchukua sampuli mstaafu

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, dereva wa Kasereka akaingia na majibu ya ng'ambo. Kule hawatumii unga wenu, wana njia yao, na jina hawakulijua. Wameandika: namba 31, alama ipo. Ni ile ile yenu. Nimesoma mara nne, na mara ya tano sikucheka. Basi, mwamuzi amesema. Bwana Dokta, nakusihi, huyo daktari wa upasuaji asipande ndege. Dereva anakuletea bahasha hii sasa hivi. Mimi na Delphine tunafuata nyuma, anafunga tu kitambaa chake. Naogopa sana. Barua unaweza kuitupa. Karatasi nimeisaini, iko humu ndani: hiyo usiipoteze.