Safu ya Vilivyotolewa

Jumatatu, 4 Machi

Siku yangu ya sita ya kujitolea katika makumbusho ya historia ya mji. Silipwi, ila nimepewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nimekivaa hadi nyumbani. Mama mkwe akauliza kama nimelazwa hospitali.

Niandike ukweli, daftari hili ni langu peke yangu. Tangu kiwanda cha sabuni kifungwe, mimi na mke wangu tunaishi kwa mama yake. Chumba cha nyuma, dirisha linatazama tangi la maji. Wageni wakimwuliza mama mkwe anafanya kazi gani huyu mkwe wake, anakohoa. Mwaka wa pili huu. Nimechoka kukoholewa.

Lakini leo Mhifadhi, mama anayeongoza makumbusho, ametutangazia jambo. Wiki ijayo Jumanne unafunguliwa ukumbi mpya wa kazi za mikono. Ukumbi unahitaji msimamizi. Ajira kamili, kiti chenye mikono, funguo tatu kwenye pete. Atamteua siku hiyohiyo miongoni mwetu tunaojitolea.

Tunaojitolea ni wawili. Mwingine ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, miaka sabini na moja, vumbi la chaki bado limo kwenye nyusi. Namwita Mzee wa Chaki. Akisalimiwa anasahihisha salamu. Kiti ni changu.

Jumanne, 5 Machi

Mama mkwe amesafiri asubuhi kwenda kwa binti yake mkubwa aliyejifungua. Atarudi baada ya wiki mbili. Nyumba imepumua.

Makumbusho nimepangusa vyungu arobaini na sita. Vyungu vyote ni kimoja tu, kimerudiwa. Viwili nilichanganya kadi zao za maelezo. Nikaendelea kupangusa. Mzee wa Chaki akaona, akazirudisha, kisha akanipa somo fupi juu ya tofauti ya chungu na mtungi. Nani amemwuliza?

Saa nne akafungua mfuko wake wa nailoni na kutoa randa ya baba yake, aliyekuwa seremala. Mbao imekatika pembeni, chuma kimeliwa na kutu. Kitu cha kutupa. Mhifadhi akavaa glavu zake nyeupe, akaishika kama mtoto mchanga, akasema ukumbi mpya unalilia vitu vya namna hii. Mzee akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu gani ule, alikuwa anachungulia kama natazama.

Nilikuwa natazama. Roho iliniuma mpaka saa ya chakula.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa yake. Cherehani ya mama mkwe!

Ni ya kukanyaga kwa mguu, nyeusi, ina maua ya dhahabu yaliyofifia. Iko pembeni ya sebule chini ya kitambaa, na hakuna anayeruhusiwa hata kuweka kikombe juu yake. Wiki mbili itakaa bure. Ukumbi unafunguliwa Jumanne, nateuliwa, naketi kwenye kiti, nairudisha kabla mwenyewe hajashuka kwenye basi. Mpango hauna tundu.

Mke wangu nimemwambia inakwenda kutiwa mafuta. Akasema mama yake huitia mwenyewe. Nikamwambia kuna mafuta na mafuta.

Tumeibeba kwa toroli, mimi na mlinzi wa makumbusho, ambaye njia nzima aliniuliza kama mwenye mali anajua. Mlinzi wa geti anajifanya hakimu. Mhifadhi alipoiona akaweka mkono kifuani. Akafungua daftari kubwa la vifaa. Kuna safu mbili: Vilivyoazimwa, na Vilivyotolewa. Nikatia sahihi kwenye Vilivyoazimwa. Safi kabisa.

Kadi ya maelezo nimeiandika mwenyewe: "Cherehani ya kwanza kuingia mjini. Ilishona sare za bendi iliyompokea mkuu wa kwanza wa mji." Bendi nimeibuni, na mkuu wa mji pia. Inapendeza lakini. Mzee wa Chaki akaisoma mara mbili, akauliza chanzo cha habari hizi. Nikamjibu ni siri za ukoo.

Randa yake imesogezwa nyuma ya mlango.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Mama mkwe amepiga simu. Anarudi Jumapili. Kuna bibi harusi amempa vitambaa, nguo zinatakiwa Ijumaa ijayo, na mtoto wa binti yake halii tena usiku kwa hiyo hahitajiki. Mtoto gani huyu anatulia ndani ya siku tatu? Hana msimamo.

Nimekimbia makumbusho. Mhifadhi alikuwa kwenye mkutano na fundi wa taa, hakutaka kukatizwa. Nikafungua daftari mwenyewe. Cherehani imeazimwa, haya, sasa itolewe. Nikakata mstari kwenye Vilivyoazimwa, nikaiandika kwenye safu ya Vilivyotolewa, nikatia sahihi, nikaongeza na tarehe kwa herufi nzuri. Nilifanya kazi ya ukarani miaka kumi na minne, daftari halinitishi.

Mhifadhi alipotoka akaona. Machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na glavu zake, akasema hakutegemea, watu wenye moyo kama wangu wamebaki wachache. Nikaona anasikitika kuipoteza, nikamwambia asijali, ndiyo dunia. Akaleta kibrashi chembamba na rangi nyeupe, akaandika chini ya meza ya cherehani: 318. Namba ya kutokea getini, bila shaka. Ofisi yenye utaratibu inapendeza.

Kesho asubuhi naja na toroli.

Jumamosi, 9 Machi

Mlinzi amekataa. Amesema kitu chenye namba hakitoki. Nikamwambia namba ndiyo ruhusa yenyewe. Akasema yeye yuko geti hili miaka tisa, na chenye namba hakijawahi kutoka, labda jengo liungue. Nikarudi ndani, nikaifunika cherehani kwa turubai la rangi, nikaweka ngazi juu, nikajaribu kupita nikipiga mluzi kama fundi. Akainua turubai bila hata kuinuka kwenye kiti chake.

Mzee wa Chaki akaja na daftari la vifaa kwapani. Akanikalisha kwenye ngazi. Akanieleza, polepole, kama mwanafunzi wa darasa la pili, kwamba kutoa ni kuondoa, na kutoa ni kutoa sadaka, na kwamba katika daftari la makumbusho kitu kilichotolewa ni kitu ambacho makumbusho imepewa kabisa, hakirudi. Akasema hata neno kujitolea limetoka humohumo. Akasema mimi nimeitoa cherehani kwa maana ya pili huku nikifikiria maana ya kwanza, na kwamba kosa hili ni zuri sana, angekuwa bado anafundisha angeliweka kwenye mtihani.

Kosa zuri! Anafurahia neno, mimi nafukuzwa nyumbani.

Nilimfuata Mhifadhi ofisini nikitaka kusema kila kitu. Alikuwa ameshaandika barua ya shukrani kwa halmashauri. Jina langu limo, na mbele yake ameandika Mheshimiwa. Sijawahi kuitwa Mheshimiwa. Niliisoma, nikamshukuru, nikatoka.

Jumapili, 10 Machi

Nimeweka boksi la mafuta ya kula mahali pa cherehani, juu yake ndoo iliyopinduliwa, juu yake kitambaa. Kwa mbali ni yenyewe kabisa.

Mama mkwe amefika saa saba. Amekunywa maji, ametuhadithia habari za mjukuu, amevaa miwani, amekwenda sebuleni. Mimi nilikuwa chooni kwa makusudi. Nikasikia kitambaa kinavutwa, kisha ndoo inadondoka. Nikatoka.

Nilitarajia kelele. Kelele ningeziweza. Alikaa tu kwenye kigoda na vitambaa vyeupe vya bibi harusi mapajani, akauliza iko wapi. Kwa kawaida huniita baba. Leo ameniita bwana. Nikamwambia imeheshimiwa. Mke wangu akaniambia niseme Kiswahili. Nikasema iko makumbusho, ina namba, ina kamba ya kuzuia wageni, ina taa yake peke yake, na ufunguzi ni Jumanne.

Mama mkwe akasema cherehani ile ndiyo iliyoniweka chini ya paa hili, pamoja na mke wangu, na dada zake wanne, na ada zao zote. Akasema kama Jumanne ataiona nyuma ya kamba, Jumatano mimi nitaona barabara. Kisha akakohoa. Safari hii hakukuwa na mgeni.

Niliogopa. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumanne, 12 Machi

Ufunguzi. Hotuba tatu, mbili zilifanana. Wageni walipiga miayo mbele ya vyungu.

Mama mkwe aliingia na mfuko wake wa nguo. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akasoma kadi yangu kwa sauti, neno kwa neno, mpaka bendi. Akauliza ni mjinga gani ameandika haya. Mzee wa Chaki akanitazama kwa upole, jambo baya zaidi alilopata kunifanyia.

Kisha mama mkwe akainua kamba, akapita chini yake. Mhifadhi akapiga hatua mbili kumzuia, akakuta ameshaketi. Alitoa kichupa cha mafuta, akatia matone matatu, akapitisha uzi bila kutazama. Huku anashona akawaambia watu ukweli. Aliinunua kwa fundi aliyekuwa anapofuka. Mkanda wa gurudumu ni wa suruali ya marehemu mume wake. Pale meza ilipoungua ni pasi, usiku ule binti wa tatu alipofaulu mtihani na wote wakasahau pasi. Watu wakaviacha vyungu. Walijaa mpaka mlangoni, mlinzi mwenyewe aliacha geti. Bibi harusi aliitwa kwa simu, akapimwa palepale mbele ya halmashauri.

Mhifadhi hakungoja hotuba ya nne. Akatangaza msimamizi wa ukumbi amepatikana: ataketi hapa, atashona hapa, atawaeleza wageni, na cherehani itabaki na namba yake na mwenyewe. Mama mkwe akauliza mshahara, akauliza saa za chakula, akakubali. Akapewa funguo tatu kwenye pete.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kiti chenye mikono. Nikaombwa nisogee.

Mhifadhi akamwuliza kuhusu mimi, maana barua ya Mheshimiwa ilikuwa imeshakwenda. Nilidhani sasa naiona barabara. Mama mkwe aliinua macho kutoka kwenye sindano, akamwambia asihangaike na mkwe wake, huyu naye amemtoa. Mzee wa Chaki akacheka mpaka akaomba maji. Akauliza kwa maana ipi, ya kwanza au ya pili. Mama mkwe akasema wataamua wao makumbusho.

Wameamua ya pili. Bila mshahara.

Alhamisi, 14 Machi

Hali imetulia. Asubuhi nambebea mama mkwe mfuko wa vitambaa, jioni namrudishia. Getini mlinzi humpigia saluti yeye, kisha anakagua mfuko mimi nikiwa nimeushika. Mchana napangusa vyungu arobaini na tano. Kimoja hakipo tena, tusiongelee. Mzee wa Chaki amepewa kazi ya kuandika kadi zote upya, na mimi namshikia gundi.

Jana mgeni alimwuliza mama mkwe mimi nafanya kazi gani. Hakukohoa. Alisema huyu ni wa makumbusho. Nilifurahi kuliko ninavyotaka kuandika.

Lakini leo kuna habari. Mwezi ujao unafunguliwa ukumbi wa sauti za zamani, nao unahitaji msimamizi. Mzee wa Chaki tayari ananong'ona habari za santuri za shemeji yake. Mnyenyekevu yule!

Sasa, juu ya kabati la mama mkwe iko redio ya mbao ya marehemu mume wake. Haiwaki, wala hakuna anayeitazama isipokuwa mwenyewe, Jumamosi akipangusa. Na neno lile nimeshalielewa barabara, maana zote mbili. Safari hii sigusi safu ya Vilivyotolewa. Nitatia sahihi kwenye Vilivyoazimwa, nifunge daftari, niondoke.

Redio nimeishusha. Mke wangu akauliza inakwenda wapi. Nimemwambia inakwenda kutiwa mafuta.