Sanaa Itaanza Jumatatu Saa Tatu

Tangazo lilibandikwa asubuhi na mapema kwenye mlango wa jengo la zamani la vifurushi vya posta, likiwa na mihuri mitatu na sahihi moja ndefu kama reli:

"Umma unatangaziwa kwamba sanaa itaanza rasmi katika mtaa huu siku ya Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi. Kabla ya saa hiyo, mtu yeyote haruhusiwi kuianza."

Mkurugenzi wa Uhuishaji wa Majengo Yasiyotumika alirudi nyuma hatua tatu, akalisoma tangazo lake kwa mara ya nne, akaridhika. Lilikuwa limemchukua wiki mbili kuliandika. Wiki ya kwanza yote ilikwenda kwenye neno "rasmi". Nafasi ya Katibu Mkuu ilikuwa wazi, na wizarani watu walinong'onezana kwamba ataipata yule atakayefungua kituo cha kwanza cha sanaa za jamii. Mkurugenzi alikuwa ameshapita kukiangalia kiti chenyewe. Kilikuwa kinazunguka.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa ndani ya jengo, linaimba.

Tangu posta ihame, miaka sita iliyopita, kikundi cha maigizo cha mtaa kilikuwa kikifanya mazoezi humo. Watu kumi na mmoja: fundi bomba, muuguzi mstaafu, muuza mitumba na wenzao. Walikuwa wameziba paa kwa mikono yao, wakajenga jukwaa kwa mbao za kaunta, wakapanga mawigi na ndevu za bandia kwenye vile vishubaka vya barua. Kiongozi wao alikuwa fundi cherehani, mama wa miaka sitini na kitu ambaye, kwa bahati mbaya ya kiutumishi, alikuwa shangazi wa Mkurugenzi. Ndiye aliyemlea.

"Shikamoo, Shangazi," Mkurugenzi alisema akiingia, faili kwapani.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Hawakulishi huko?"

"Shangazi, hapa niko kazini. Naomba uniite Mkurugenzi."

"Haya, Mkurugenzi. Umekonda."

Mkurugenzi alikohoa, akafungua faili. "Jengo hili limeteuliwa kuwa Kituo cha Sanaa za Jamii."

Vigelegele vikapanda mpaka darini. Fundi bomba alirusha kofia yake juu.

"Kwa hiyo mnatakiwa kuhama."

Kofia ilianguka chini, hakuna aliyeiokota.

"Tuhame twende wapi," muuza mitumba akauliza, "na sisi ndio tuna hiyo sanaa?"

"Mradi unahusu majengo yasiyotumika," Mkurugenzi alieleza kwa upole wa mtu anayeeleza mambo yaliyo wazi. "Hili linatumika. Wakaguzi wakiwakuta humu, linapoteza sifa. Ili wasanii wapewe jengo, ni lazima kwanza lisiwe na wasanii."

"Na miaka sita yote hii tulikuwa tunafanya nini?"

"Mlikuwa mnalitumia kinyume na hali yake ya kutotumika."

"Mtoto huyu ana homa," alisema muuguzi mstaafu, akinyoosha mkono kumpima paji la uso.

Wenzake walicheka; Shangazi peke yake hakucheka. Alichomoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kola ya gauni lake. "Nisikilize, mwanangu. Hatuna pengine. Nyumbani kwangu chumba ni kimoja, na nusu yake ni cherehani. Ukifunga mlango huu, kikundi kimekufa."

Mkurugenzi alihisi kitu kikimgusa kifuani. Akakitambua kuwa ni huruma, akakumbuka kwamba haikuwa kwenye ajenda.

"Hamfungiwi, Shangazi. Mnaruhusiwa kuomba."

Fomu ya kuomba ilikuwa na kurasa kumi na nne. Mchoraji alitakiwa kuambatanisha picha atakayoichora mwakani, pamoja na nakala yake iliyothibitishwa na wakili. Mpiga ngoma alitakiwa kueleza kwa maandishi mlio anaokusudia. Ukurasa wa tisa ulihusu vichekesho: mwombaji ataje idadi ya vicheko vinavyotarajiwa, muda wa kila kicheko, na jina la mtu atakayewajibika endapo kicheko kitapitiliza.

Shangazi aliandika: "Inategemea."

Kamati ya Tathmini ya Msisimko ilikaa siku mbili kulijadili jibu hilo, ikaona kwamba "inategemea" si namba, ikamkatalia. Ilikuwa imeshawakataa wengine arobaini na mmoja. Mkurugenzi aliripoti wizarani kwa fahari kwamba ubora wa kituo uko juu kiasi kwamba hakuna msanii hata mmoja aliyeufikia. Wakaguzi walikuja, wakakuta jengo tupu, vishubaka vitupu, kufuli mbili mlangoni. Walilisifu sana.

Jumatatu ikafika. Saa mbili na nusu, wakati wananchi wanaanza kuingia na gari la Waziri liko njiani, Mkurugenzi aliisoma ratiba kwa mara ya kwanza tangu aisaini. Namba moja ilisema: "Saa tatu kamili. Igizo la jamii, dakika ishirini."

Msanii hata mmoja hakuwa naye.

"Katibu!" alimwita mwandishi wake wa vikao. "Itisha kikao cha dharura."

"Wapi, mkuu? Chumba cha mikutano kina rangi mbichi."

Pakavu palipobaki ni jukwaani, nyuma ya pazia. Wakapandisha meza, viti vitatu na jagi la maji. Wakakaa: Mkurugenzi, Katibu na Afisa Sheria. Mlangoni, Shangazi na kikundi chake walikuwa wamefika wakiwa wamevaa vizuri.

"Na kutazama mnaomba fomu?" Shangazi alimuuliza mlinzi.

"Fomu ya kutazama bado haijatoka, mama."

"Basi ngoja nikae kabla haijatoka."

Nyuma ya pazia, kikao kilikuwa kimechachamaa.

"Tumwambie Waziri kwamba wasanii wanaumwa," alisema Afisa Sheria.

"Wote arobaini na wawili?"

"Mafua."

"Tuliwahi kupitisha mafua?" Katibu akauliza, kalamu ikiwa tayari.

Sasa, mlinzi wa jengo hilo alikuwa mtu wa maandishi. Alikuwa amepewa amri moja kwenye karatasi, yenye sahihi ya Mkurugenzi mwenyewe: saa tatu kamili, vuta pazia. Hakuambiwa achungulie kwanza. Saa tatu kamili akavuta.

Mkurugenzi alikuwa amewapa watu mgongo. "Hakuna aliyefaulu kwa sababu fomu ni nzuri!" alifoka, akipiga meza mpaka jagi likaruka. "Nimeitunga mimi, na mimi mwenyewe siwezi kuijaza!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

Akageuka. Watu mia tatu walikuwa wakimtazama. Safu ya mbele, Waziri alikuwa ameshika leso machoni.

Mkurugenzi alifanya kama alivyofundishwa chuo cha utumishi. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akanyoosha kidole. "Naomba utulivu! Hiki ni kikao halali cha serikali!"

Fundi bomba alianguka kutoka kwenye benchi.

"Nimeandika kwamba wananchi wamecheka," Katibu alisema bila kuinua kichwa. "Niandike mara ngapi, mkuu?"

"Inategemea!"

Afisa Sheria alilikumbatia faili lake, akaingia polepole chini ya meza. Ukumbi mzima ulisimama ukipiga makofi. Waziri naye, ambaye watumishi wa chini aliwajua kwa sahihi zao tu, alisimama, akangoja sauti yake irudi.

"Nimekaa serikalini miaka ishirini," alisema. "Sijawahi kuona watu wakituigiza kwa ukweli namna hii. Wewe unayejifanya Mkurugenzi, nani amekufundisha?"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Kusema kwamba hajifanyi kulimaanisha kukiri kwamba kituo cha sanaa hakina msanii. Alifikiria cheo chake. Akainama mpaka kiunoni, kama wainamavyo waigizaji.

"Nauliza, nani mwalimu wako?"

Kutoka safu ya tatu, fundi cherehani alisimama. "Ni mimi, Mheshimiwa. Huyu nimemlea kwa mikono yangu."

Hapakuwa na neno la uongo hapo. Waziri alitoa maelekezo papo hapo, na kwa kuwa alikuwa bado anajifuta machozi, hakuna aliyethubutu kuyaomba kwa maandishi. Jengo liwe chini ya mama huyu. Funguo apewe leo. Igizo lirudiwe kila Ijumaa.

"Na hawa watatu wasipewe kazi nyingine," aliongeza akielekea garini. "Hasa huyu mkubwa. Kipaji kama chake ukikipeleka ofisini, kitakufa."

Nafasi ya Katibu Mkuu akapewa mtu asiye na kipaji.

Alhamisi jioni, mawigi yakiwa yamerudi vishubakani na muuguzi mstaafu akisaidiana na muuza mitumba kujaribu wimbo mpya pembeni, Mkurugenzi alisimama jukwaani, jasho likimtoka, akisema maneno yake kwa mara ya saba.

"Yote tunayoyafanya, tunayafanya kwa niaba ya wananchi!"

"Simama hapo," Shangazi alisema kutoka kwenye benchi, miwani puani, uzi mdomoni. "Kupiga meza unajua. Kufoka unajua. Ila hapo pa wananchi, mwanangu, huaminiki hata kidogo."

"Lakini Shangazi, hivyo ndivyo ninavyosema siku zote."

"Nimesikia. Rudia."