Dumu la Mtogwa na Divai ya Kana

Jamani wanakwaya, aibu ya leo nimeivaa juu ya kitenge kipya, na mpaka sasa nanuka. Someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Mnajua Tumaini, mtoto wa kaka yangu, amepata mchumba Makambako. Binti ana adabu, hana neno na mtu. Shida ni baba yake. Ni mchungaji wa kilokole, na kila tukiulizia jibu la posa anasema Walutheri tunakunywa pombe kanisani. Pombe! Divai ya Meza ya Bwana anaiita pombe! Yeye anafundisha kwamba hata divai ya arusi ya Kana, ile Yesu aliyoifanya kwa maji, ilikuwa juisi ya zabibu tu.

Leo ndiyo siku ya jibu. Kaka anaumwa mgongo, nikaenda mimi na mshenga wetu, Mzee Mgaya. Tumaini alinishika mkono stendi ya Njombe.

"Shangazi, nakuomba. Usibishane."

"Mimi nibishane na nani?" (Mnanijua.)

Ukweni huendi mikono mitupu. Nilikuwa nimepitia kwa mgema, akanipa lita tano za ulanzi mbichi, utomvu wa mianzi, ule mtogwa mtamu ambao hata watoto wanaonja. Nikajisemea, kama anapenda juisi, ya mianzi hii hapa. Sasa, kila aliyezaliwa huku anajua: kifuniko cha dumu la ulanzi hakikazwi. Unachachuka wenyewe njiani, lazima upumue. Nami nilikilegeza vizuri. Tatizo kondakta! Matone mawili tu yakadondokea begi la mtu, akanifokea mbele ya abiria wote.

"Mama, kaza hicho kifuniko au ushuke!"

Nikakaza. Nikaongeza na nailoni. (Nilikaza kwa hasira, nakiri.)

Saa nne tukafika. Chai, maandazi, maombi marefu. Dumu nikaliweka dirishani, juani, nisije nikalipiga teke. Kulegeza nikasahau. Sebuleni alikuwepo mchungaji na shati lake jeupe pee, mkewe, na bibi mmoja wa kijiji cha Kichiwa, mama yake mzazi mchungaji, kajifunika blanketi kwenye kochi. Tulidhani amelala.

Mzee Mgaya akaanza kwa upole kabisa. Mchungaji akamkatisha.

"Binti yangu hataingia kanisa la walevi."

Walevi! Mimi, mzee wa kanisa, mlevi!

"Mchungaji," nikasema, "Kana palikuwa na divai."

"Juisi, mama."

"Divai!"

Mzee Mgaya akanikanyaga mguu. Nikausogeza.

Tulibishana mpaka saa saba. Biblia zikafunuliwa, miwani ikavaliwa, chai ikapoa. Mwishowe nikasimama. Sijui ni Roho au ni hasira, lakini maneno yalikuja.

"Mchungaji, zamani hizo palikuwa na friji? Kitu kitamu ukikifungia kwenye chombo, kikapigwa na joto, kinachachuka chenyewe, utake usitake! Hiyo juisi yako ilibakije juisi?"

Akafunga Biblia. Haki ya Mungu, aliifunga! Mkewe akaona mambo yanaharibika, akaingilia kati.

"Mama, na hiyo zawadi yetu dirishani ni nini?"

"Juisi tu," nikasema. "Ya mianzi. Haina kilevi hata tone."

Nikalichukua dumu. Lilikuwa limevimba tumbo. Nililiona, jamani, kwa macho yangu haya mawili! Lakini nilikuwa nimeshinda, kichwa kimejaa. Nikalisogeza mbele ya mchungaji, nikazungusha kifuniko kwa kujidai.

PAAA!

Kifuniko kikagonga dari. Povu likampata mchungaji usoni, likashuka kwenye shati jeupe, likamalizia kwenye Biblia. Sebule nzima ikanuka kilabu cha pombe. Mchungaji akafuta macho, polepole.

"Mama. Umesema ni juisi."

"Asubuhi ilikuwa juisi!"

Ndipo blanketi likafunuka. Bibi akapitisha kidole mezani, akalamba.

"Umeanza kuchachuka," akasema. "Lakini mtamu. Kama wa marehemu baba yako."

"Mama, acha," mchungaji akanong'ona.

"Niache nini? Si ulikuwa unambebea madumu? Umesomeshwa na mianzi wewe! Mpe mtoto wa watu jibu lake."

Mchungaji akajifuta kidevu kwa mkono, ulanzi bado unamdondoka. Kisha akamgeukia mshenga.

"Binti nimemtoa. Ila kwenye harusi pasiwe na pombe, na huyu mama asibebe kitu chochote."

Mzee Mgaya akapiga makofi. Msaliti mkubwa!

Nimerudi Njombe kwenye kiti cha nyuma peke yangu, siti ya pembeni hakuna anayeitaka. Na kondakta ni yule yule! Eti, "Mama, kumbe lile dumu ulikuwa unalinywa?" Tumaini naye akapiga simu, analia kwa furaha.

"Asante, Shangazi! Nilijua ukinyamaza tu watakubali."

Nikamkatia.

Sasa kesho mazoezini asinicheke mtu. Hoja nilishinda mimi! Dumu lenyewe limenitolea ushahidi, tena mbele ya mchungaji, na bado naambiwa nisibebe kitu!