Behewa la Bernadetha Lafungwa kwa Manufaa ya Umma

Kamati ya Kulinda Urithi wa Reli, ambayo mimi ni katibu wake, ina furaha kuutangazia umma kwamba kijiji cha Mlimareli, kilichoanzishwa na wajenzi wa reli ya machimbo, sasa kimehifadhiwa kikamilifu. Reli yenyewe iling'olewa zamani. Yamebaki mataruma ya chuma yaliyokuwa yakibeba reli, ambayo wanakijiji wameyafanya miimo ya milango, na behewa moja. Humo mkunga Bernadetha alikuwa akizalisha akina mama, kwa kuwa zahanati iko bondeni, mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Salvatori, aligundua kosa katika jambo hilo akiwa ofisini Mpanda. Behewa ni la abiria, na mtoto anayezaliwa humo hana tiketi. Akaagiza lifungwe kofuli, lisifunguliwe ila kwa kibali chake cha maandishi. Bernadetha alishuka mjini mara nne kukiomba. Mara zote nilimpokea kwa heshima, nikamweleza kwamba maombi yake yanafanyiwa kazi.

Siku ya uzinduzi wa hifadhi ilinyesha. Mheshimiwa alikataa fimbo ya kutembelea, akateleza hatua chache kabla ya behewa, akavunjika mkono wa kulia. Nikakimbia kumwita Bernadetha. Nilimkuta chini ya turubai nyuma ya behewa, magoti kwenye tope, akimhudumia Providence, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri, mumewe Arcade akiwa pembeni. Bila kugeuka akanijibu kwamba bandeji na dawa zote zimo behewani.

Ufunguo nilikuwa nao. Kibali sikuwa nacho, na utaratibu ni utaratibu. Arcade akachana karatasi ya daftari, akaandika kibali haraka. Mheshimiwa alijaribu kushika kalamu, akashindwa, jasho likimtoka.

"Tia dole gumba, baba," Bernadetha akamwambia. "Sisi huku ndivyo mnavyotusainisha."

Akatia bila kusoma. Nami nikagonga mhuri bila kusoma, nikafungua mlango. Providence aliingizwa kwanza, akajifungua binti mwenye afya. Mheshimiwa akafungwa mkono baadaye, nje ya behewa, akitetemeka kwa baridi.

Karatasi ile nimeisoma jana. Inasema behewa ni la akina mama daima, na kwamba mgonjwa yeyote asiyeweza kushuka mlima atabebwa mgongoni na wajumbe wa Kamati hadi zahanati, kwa zamu. Mwanasheria wetu amethibitisha kwamba mhuri ni halali.

Leo ni zamu ya Mheshimiwa. Mgonjwa ni mzee Melkiadi, kilo tisini.