Ngao Saba na Godoro Moja

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Tangazo langu limeingia kwenye tovuti ya gazeti la mji.

Duka letu la magodoro linafungua tawi jipya karibu na kituo cha treni, na tawi linataka msimamizi. Ni mimi au Tabasamu. Tabasamu ni muuzaji mwenzangu. Hajui tofauti ya sponji na pamba, ila anatabasamu, na watu wananunua. Namheshimu. Mtu anayeuza godoro la inchi nane kwa meno tu si wa kubeza. Lakini mimi nina kichwa.

Bosi amesema atakayevuta wateja wengi hadi Jumamosi ndiye atakayekabidhiwa funguo. Bosi ni mama wa maneno machache, na kila neno lake ukilisikia unanyoosha mgongo. Nimfanyie nini mama yule!

Tangazo nimelitunga mwenyewe: LALA KAMA HUJAOA. Maneno matatu! Chini yake picha. Hatukuwa na mtu wa kupigwa picha, nikajitolea. Nimejitandaza katikati ya godoro, mikono huku na huku, miguu kama mkasi, uso umejaa raha. Kazi safi.

Tatizo moja. Nimeoa.

Hili nimelikumbuka nikiwa mlangoni kwangu, mkono kwenye kitasa. Mke wangu ni mwalimu na kila jioni husoma gazeti hilohilo kwenye kompyuta ya sebuleni. Tena mama yake yuko nasi tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Nimesimama nje hadi jirani akaniuliza kama nimefungiwa.

Mpango: mji mzima ulione tangazo, isipokuwa nyumba moja. Kuna vijiprogramu vya kubandika kwenye kivinjari, huitwa viendelezi. Vinameza matangazo kabla hujayaona. Nimechagua kimoja kwa utaratibu: kina picha ya simba na nyota tano. Kimeomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila ukurasa nitakaofungua. Nimependa bidii yake. Nikabonyeza Kubali.

Mke wangu amesoma gazeti lote. Hakuona kitu. Naenda kulala usingizi wa pono.

Jumanne, 4 Juni

Simba ni msaliti! Ameondoa matangazo ya watu na kuweka ya kwake. Dawa ya upara. Kila ukurasa, dawa ya upara. Hata kwenye ukurasa wa shule ya mke wangu. Amenitazama kichwani kwa huruma, akaniuliza kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nimesema hakuna. Akasema nisione haya, yeye alinipenda roho.

Ikabidi nimwendee mama mkwe. Zamani alikuwa opereta wa simu, enzi ambazo huwezi kumpigia mtu bila kupitia kwa mtu. Anajigamba waziwazi kwamba mji mzima umepita masikioni mwake. Posa zote alizijua kabla ya mabibi harusi.

Nikamwamkia, nikazungukazunguka. Nikasema siku hizi mtu hana siri, mitandao inapeleleza watu, mimi nina wasiwasi tu, kwa ujumla. Akavua miwani. Kisha akasema, "Baba, hao wapelelezi unaowaogopa, mimi ndiye mkubwa wao. Niulize mimi."

Darasa gani hilo! Akasema kiendelezi ni opereta: amekaa katikati ya laini, ana kipokea sauti sikioni. Kwa hiyo usimtazame sura, muulize maswali. Kwa nini anataka kusikia yote wakati kazi yake ni moja? Nani anamlisha? Maana kama humlipi, na hana watu wanaojulikana wanaomchangia, basi anakula maongezi yako. Nyota tano? Akacheka hadi nyonga ikamuuma. Nyota zinanunuliwa kwa mafungu, akasema, kama vitunguu. Chukua yule aliyeuanika utumbo wake mezani, yaani maandishi ya programu yake yako wazi, mafundi wanamchungulia na kumbishia miaka yote, na bado yuko kazini. Tena chukua mmoja tu. Maopereta wawili kwenye laini moja wanakatiana.

Mwanamke huyu angepewa wizara.

Nimemfukuza simba. Nimeweka alichochagua mama: kimoja chenye picha ya kingao cha kijivu, hakina mvuto hata kidogo. Lakini kazi! Kinahesabu kinachozuia. Ukurasa mmoja wa gazeti, vitu thelathini na nane! Nikakipigia makofi. Mama akatikisa kichwa na kuomba chai.

Alipokwenda kujinyoosha nikaongeza vingine vitatu, kimyakimya. Kimoja cha kufuta vidakuzi, yale makombo ambayo tovuti huyaacha kwenye kompyuta yako ili zikutambue kesho. Viwili vya kuzuia wanaokufuata kutoka tovuti hadi tovuti. Ushauri wa mama ni mzuri kwa watu wa kawaida. Mimi sina hali ya kawaida. Nimeweka na kwenye simu yangu, kwa kuwa mke wangu huiazima.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi nimeingia kwa akaunti yangu kwenye kompyuta ya dukani, kutoa picha zangu nyingine ili Bosi achague ya kubandika ukutani. Vitu vyangu vyote vimenifuata! Kurasa nilizoziwekea alama, manenosiri, hata vingao vyangu vinne, vimejipanga pembeni juu kama wanafunzi mstarini. Teknolojia ina adabu. Nimeiacha akaunti wazi.

Mchana balaa. Bosi ametaka kuliona tangazo. Yeye ana simu ya vitufe, anasema simu ya kioo ni ya kujitazama, kwa hiyo tumekusanyika kwenye kompyuta ya duka. Nimefungua gazeti kwa madaha. Mahali pa tangazo: peupe. Peupe pe! Nikajaribu kwenye simu yangu. Peupe.

Nikapiga kelele kwamba tumeibiwa. Nikamgeukia Tabasamu. Alikuwa anatabasamu. Nimeliweka hilo akilini.

Bosi akampigia simu afisa matangazo wa gazeti. Hakupaza sauti hata mara moja. Yule bibi akaapa kwamba tangazo lipo, analiona kwa macho yake. Bosi akamuuliza macho hayo ameyaazima wapi. Mwishowe bibi wa watu akaomba yaishe: atalihamisha hadi juu kabisa ya ukurasa wa mbele, upana mzima, hadi Jumamosi, kama fidia. Na Jumamosi atakuja mwenyewe dukani tulitazame pamoja.

Bosi akanishika bega, akasema nina jicho. Bega lote hadi sasa lina joto.

Nimetembea kwenda nyumbani nikipiga mluzi. Upana mzima! Ukurasa wa mbele! Nimefika kona ya mwisho ndipo nikakumbuka ninaishi na nani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeongeza vingao vitatu. Sasa ni saba. Kimoja kinazima picha zote kwenye gazeti, hata picha ya hali ya hewa.

Duka limejaa leo. Kina baba, makundi makundi. Wanaingia, wananitazama, wanacheka, wananunua. Mmoja amenipa mkono na kuniambia mimi ni jasiri. Mwingine ameniuliza nimeachika lini. Nimemjibu kwamba naishi vizuri na mke wangu. Akaegemea rafu kwa kicheko, akachukua futi tatu kwa sita. Nadhani ni ukarimu wangu unaowavuta.

Bosi amefungua gazeti tena. Peupe. Akasema basi wateja wote hawa ni wa Tabasamu, maana tangazo halipo. Tabasamu hakukana. Lazima nikiri, ule ni ustadi. Kunyamaza huku meno yako nje!

Jioni mke wangu alikuwa anatuma alama za wanafunzi. Mwisho ni kesho asubuhi. Kitufe cha kutuma hakibonyezeki. Akabonyeza, akabonyeza. Ukurasa ukageuka mweupe na alama za darasa zima zikapotea. Nikasema ni mtandao. Akasema mtandao huu umeanza kuumwa tangu Jumanne, tangu ile dawa ya nywele zangu.

Mama mkwe akaja na mkongojo wake. Akatazama pembeni juu ya kioo, akahesabu kwa kidole hadi saba, kwa sauti. Akasema, "Wanagombana hawa, baba. Kila mmoja anamzuia mwenzake." Akazima sita. Kile cha kijivu akakibonyeza, akakiambia kiuruhusu ukurasa wa shule tu. Alama zikarudi. Zikaenda. Kazi ya vidole vitatu! Nilitamani kumpigia saluti.

Kisha akaniuliza kwa upole, ni nani hasa ninayemficha nini. Nikasema wezi wa data. Akasema wale kweli ni wabaya. Akapuliza chai yake.

Walipoingia jikoni nikawasha vyote saba.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu amerudi kutoka shule akiwa mtulivu sana. Akaniambia chumba cha walimu leo kilikuwa na furaha isiyo kifani. Nikasema walimu wanastahili kufurahi. Akaniuliza kama huwa nalala vizuri. Nikasema vizuri sana. Kama nabanwa labda? Nikasema sibanwi hata kidogo. Akasema sawa, na kuanza kuimba huku anapiga pasi.

Nina bahati ya mke. Mwingine angeuliza maswali.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa sebuleni. Nitaeleza kwa mpangilio.

Afisa matangazo amefika na kompyuta yake. Akaifungua mezani kwa Bosi. Nikatokea mimi, upana mzima, miguu kama mkasi! Nilipendeza jamani. Bosi akafungua ya duka. Peupe. Yake: mimi. Ya duka: peupe. Nikasema huo ni uchawi au ni Tabasamu.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe! Nyuma yake wanawake watano wa umri wake, maopereta wenzake wa zamani, wajane wote. Nyuma yao mke wangu.

Mama akamwamkia Bosi, akasema amewaleta wenzake kununua lile godoro la kulala kama hujaoa. Wamelipenda tangu Jumatatu. Mmoja akasema ameishi miaka mingi na mtu wa kukoroma, sasa anataka kulala mkasi kama yule kijana. Yule kijana ni mimi.

Nikauliza kwa sauti ndogo, tangu Jumatatu? Mama akasema yeye gazeti analisoma kwenye simu yake mwenyewe, tangu lini akategemea laini ya mtu? Aliliona humo, akamwonyesha binti yake jioni ileile, kabla sijamaliza kuvua viatu. Walitaka tu kuona nitafika wapi.

Siku zote hizo! Na alivyonifundisha kwa makini, kipengele kwa kipengele! Nimewahi kukutana na watu wenye akili, lakini huyu ni wa kumvulia kofia.

Kisha akaiona kompyuta ya duka. Akasogea, akainua mkongojo, akagusa pembeni juu. "Ngao zako hizi, baba. Zimekufuata kazini." Akawaeleza wote: mtu akiingia kwa akaunti yake, viendelezi vyake vinaingia naye. Akavizima. Tangazo likatokea kama jua.

Hata Tabasamu alifumba mdomo kidogo.

Bosi akamwomba radhi afisa matangazo, maneno sita tu, lakini kila moja alilitamka huku ananitazama mimi. Akasema tangazo limevuta mji mzima, hilo kaliona sasa. Lakini mtu anayejifichia kazi yake mwenyewe, halafu akaamini kabisa kwamba imeibiwa, hawezi kupewa funguo za mlango, atajifungia nje. Funguo akapewa Tabasamu. Nimempa mkono. Amestahili kwa kiasi fulani. Alilia machozi huku anatabasamu, na wajane wakanunua mito juu ya magodoro.

Mke wangu akawa wa mwisho kuhudumiwa. Akaomba godoro moja. La futi mbili na nusu. La mtu mmoja. Bosi akampunguzia bei bila kuombwa.

Liko hapa sebuleni, kati ya meza na kompyuta. Shuka limetandikwa vizuri. Mke wangu ameninyooshea kidole, akasema nilale kama tangazo linavyosema, kisha akafunga mlango wa chumbani taratibu. Hakugomba hata neno moja! Heshima aliyo nayo mwanamke yule.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala vizuri ajabu. Mikono huku na huku. Tangazo lilisema kweli tupu, na wa kwanza kulithibitisha ni mimi.

Nimekaa na kuchambua kosa kwa utulivu. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa idadi. Saba zilikuwa chache.

Nimeshatunga tangazo la tawi la Tabasamu, Bosi akilipenda atanifikiria upya: LALA KAMA MAMA MKWE AMESAFIRI. Maneno matano, lakini yana uzito. Picha nitapiga kesho kwa godoro hilihili.

Kinachobaki ni kuchagua ngao ya nane, tena safari hii kwenye simu ya mama pia. Sitaki kubahatisha. Nimemwendea mwenyewe, nikamwamkia, nikamwomba anichagulie iliyo kali kuliko zote. Nikasema ni wasiwasi tu, kwa ujumla.

Akavua miwani. Akasema kwa furaha kabisa, baba, lete hiyo simu yako.

Ana moyo wa dhahabu mama yule, na hashuku kitu.