Ombi la Marehemu Kuendelea Kutunga

Farsta, Uswidi, 14 Novemba

Ndugu Mhariri Félix,

Marahaba, ingawa najua ninyi watu wa Goma shikamoo hamna. Nimepokea barua yako ya kulirudisha shairi la mume wangu, Cyprian, kwa sababu kwamba amefariki. Hilo nalijua, nilikuwepo. Lakini naona umefanya haraka, na kwa heshima zote naweka malalamiko yangu hapa.

1. Tangu Cyprian azikwe mwezi wa Machi, umemchapisha mara nne katika jarida letu, zote ukurasa wa kwanza. Ulidhani ni akiba aliyoiacha. Waamuzi wako wakasema anatunga vizuri kuliko alipokuwa hai, na Mzee Clovis wa Rågsved alinishika mkono nje ya kanisa akicheka: "Mama Kamila, kaburi imemunoa muzee!" Kosa la Cyprian ni moja tu: shairi la tano limetaja theluji ya wiki iliyopita. Ndipo ukanipigia simu, "Mama, theluji hii ameionea wapi?" Mshairi anaulizwa maswali kama hayo?

2. Umenishauri kwamba, ikiwa mtunzi ni mimi, nilete kazi kwa jina langu kwenye Ukurasa wa Akina Mama. Nimeutazama. Ni wa kumi na moja, kati ya maharage ya nazi na mafuta ya nywele. Mwaka 1984 nilileta shairi kwa jina langu. Mhariri wa wakati ule akajibu kuwa ni tamu, ila mwanamke akilumbana na wanaume hadharani anamvunjia mumewe heshima. Nikalituma lilelile kwa jina la Cyprian, bila kugusa hata nukta. Likatoka mbele, wakalijibu wanaume saba. Kumbe vina vyangu vilikuwa vinakosa suruali tu.

3. Cyprian, Mungu amrehemu, hakuweza kuhesabu mizani nane bila vidole. Sauti alikuwa nayo. Alikariri tungo akiosha vyombo, na kwenye mikutano ya washairi kule Sundbyberg, aliposahau, mimi nilikohoa: mara moja kwa ubeti wa pili, mara mbili kwa wa tatu. Mimi nikashauriwa niende hospitali, yeye akapewa cheo cha Malenga. Sikulalamika wakati huo, kwa hiyo nalalamika sasa.

4. Marehemu mmoja akizuiwa, hasara itatufikia sote, maana malenga wetu wote wamezeeka. Napendekeza iandaliwe orodha. Kila mwanamke anayetunga apangiwe mzee anayekaribia kuondoka, apate kulizoea jina mapema. Kahindo, mke wa Clovis, amekwisha kuanza mazoezi. Clovis mwenyewe hajaarifiwa, kwa kuwa bado anapanda ngazi bila kupumzika. Wasio na waume waazimwe. Na wasichana waliozaliwa hapa, kama mjukuu wangu Tiana, anayechanganya Kiswidi humohumo ndani ya shairi na kutia jina lake waziwazi kama vile hakuna aliyemkataza, wakomeshwe kabla hawajatuharibia desturi.

5. Hili la mwisho ni langu binafsi. Miaka arobaini nimemtaja Cyprian katika ubeti wa mwisho, mahali ambapo mtunzi hujitaja. Nyumba ina viti viwili na redio. Humo ndani ya ubeti ndimo ninamomwita jina lake bado, na anaitika. Ukimwondoa, utanifanya nimzike mara ya pili, na ardhi ya hapa ikishaganda ni ngumu.

Kwa hiyo naomba marehemu aruhusiwe kuendelea na kazi yake, na nipate jibu kabla toleo la Desemba halijafungwa. Nisalimie mkeo Nicole, na watoto, hata wakikujibu kwa Kiswidi. Wasalimie waamuzi pia, hasa yule anayesema wanawake hawana pumzi ya utenzi mrefu. Mwambie nimemsikia.

Ni mimi, nikuheshimuye na kukushangaa,
Kamila, mjane wa Malenga

Nyongeza: Shairi lililomo ndani ya bahasha ni la kumlilia Cyprian. Siku tatu nimejaribu kulimaliza kwa jina lake, kama kawaida yetu. Imeshindikana. Mtu hawezi kujililia mwenyewe. Nimeandika Kamila. Liweke ukurasa wa kwanza.