Yai la Paji la Uso

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Nawaambieni mwenyewe, kabla hamjasikia kwa watu wa Mwabungo.

Mnajua nampikia memsahibu wa Kihispania pale Diani. Kwao, Pasaka huoka mkate mtamu wa mviringo, juu wakapachika mayai mazima na maganda yake, yametiwa rangi nyekundu. Yai hupasuliwa kwenye paji la uso la mtu unayempenda. Ndiyo raha yenyewe, ati.

Asubuhi akanipa mmoja. "Mpelekee dada yako." (Niliuliza kama mafuta yake ni ya nguruwe. Ni siagi.) Nikashukuru, maana jioni wakwe wangekuja kufuturu na kumposa dada yangu Mwanasha, na tangu wazazi wetu watangulie, baba yake ni mimi, mama yake ni mimi.

Njiani baiskeli ikaingia shimoni. Yai moja likapondeka. Sasa mkate wa posa utakuwaje na pengo? Nikachukua yai la kuku wangu, nikalipaka rangi ya ukili anaosukia Mwanasha mikeka, nikalipachika. Bichi. (Shule niliiacha mapema, mtanisamehe.)

Adhana ikalia, tukafungua kwa tende. Nikauleta mkate. Bi Mwanakombo, shangazi wa mposaji, akaurudisha mkono wake.

"Mwanangu, hii kafara ya nani?"

"Si kafara, shangazi. Ni mkate wa Pasaka wa Wahispania."

"Mayai mekundu, tena saa ya magharibi?"

Mposaji akainama, anatazama mkeka. Mwanasha, nyuma ya pazia, akasogea asikie. Nikaiona posa inavaa viatu.

"Ni mchezo tu, shangazi. Mtu hupasua yai kwenye paji la uso."

"Basi jipasulie wewe, tuone."

Nikanyoosha mkono kwenye yai la memsahibu.

"Hilo umelizoea. Chukua hili, jekundu zaidi."

Ningekataa vipi? Nikasema bismillahi, nikajipiga.

Ute ukashuka puani, kiini kikatua kwenye kanzu ya marehemu baba. Nyuma ya pazia mtu akacheka mpaka akakohoa. Bi Mwanakombo akanitazama kwa huruma.

"Huyu hawezi kuroga hata kuku," akawaambia wenziwe. "Posa iendelee." Kisha akala mayai yaliyobaki, yote.

Mwanasha ameposwa, alhamdulillahi. Lakini rangi ya ukili haitoki kwenye paji, nimesugua hata kwa jivu. Atakayeuliza msikitini, mwambieni ni alama ya kusujudu sana.